Ni Dawa au Ni Maji Yaliyoibeba? Uchambuzi wa jaribio la steroidi ya pua kwa panya wenye mzio

Chafya 42 zilishuka hadi 16. Ukitazama mistari hiyo miwili tu ya jedwali unaweza kufunga daftari: panya wenye mzio wa pua waliotiwa matone ya budesonaidi, steroidi ya pua, walipiga chafya chini ya nusu ya wenzao wasiotibiwa. Ila jedwali lilikuwa na mstari wa tatu. Panya waliotiwa kibebeo, yaani kimiminika kile kile cha dawa bila dawa ndani yake, walipiga chafya 21. Maji matupu yalikuwa yamefanya sehemu kubwa ya kazi ambayo dawa ilikuwa karibu kusifiwa.

Tarakimu za kisa hiki ni za mfano, zimepangwa ili hesabu ionekane vizuri. Makosa yaliyomo si ya kubuni: hutokea mara kwa mara katika majaribio ya aina hii, na kila moja lina sababu inayoeleweka.

Jaribio lilivyoendeshwa

Walitumika panya wadogo weupe wa ukoo wa BALB/c, majike 32, umri wa wiki 6 hadi 8, uzito wa gramu 20 hivi. Ukoo huu hupendwa kwa sababu kinga yake huelekea upesi kwenye IgE, kingamwili za mzio, na kwenye IL-4, IL-5 na IL-13, protini ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe, njia ile ile ambayo mzio wa binadamu hupitia. Makundi yalikuwa manne, nane nane: wazima, wagonjwa wasiotibiwa, wagonjwa waliotiwa kibebeo, na wagonjwa waliotiwa dawa.

Ugonjwa wenyewe huumbwa kwa hatua mbili. Kwanza mwili hufundishwa kumtambua mgeni kuwa adui, kisha mgeni huyo huletwa puani. Mgeni hapa ni ovalbumini, protini ya ute mweupe wa yai. Siku ya 0, ya 7 na ya 14 kila panya alidungwa tumboni mikrolita 200 zenye mikrogramu 50 za ovalbumini na miligramu 2 za alamu, madini ya aluminiamu yanayoichochea kinga. Wazima walidungwa alamu na maji ya chumvi tu. Mchanganyiko huu hauandaliwi kwa kutikisa chupa mara mbili: uzungushwe taratibu kwa nusu saa au zaidi ili protini ing'ang'anie kwenye alamu. Na alamu isigandishwe kamwe. Ikishaganda chembe zake hushikana mabonge, na ukiiyeyusha huonekana kama kawaida huku nguvu yake imeharibika.

Kuanzia siku ya 21 hadi ya 27, ovalbumini ya miligramu 25 kwa mililita ilidondoshwa puani mara moja kwa siku, mikrolita 10 kila tundu, panya akiwa macho. Hizo ni mikrogramu 500 kila siku. Dakika 10 kabla ya tone hilo, makundi mawili ya mwisho yalipata tone lao: mikrolita 10 kila tundu, za kibebeo au za budesonaidi ya miligramu 0.5 kwa mililita.

Siku ya 27 chafya zilihesabiwa kwa dakika 10 baada ya tone la mwisho la ovalbumini. Saa 24 baadaye panya waliuawa kwa kuzidishiwa dawa ya usingizi, damu ikachukuliwa kupima IgE, na vichwa vikahifadhiwa kwa ajili ya hadubini. Wastani ulitoka hivi, eosinofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazokusanyika penye mzio, zikihesabiwa kwa kila uwanja wa hadubini kwenye ukuzaji wa mara 400:

Wazima: chafya 4, eosinofili 1
Wagonjwa wasiotibiwa: chafya 42, eosinofili 38
Wagonjwa na kibebeo: chafya 21, eosinofili 35
Wagonjwa na dawa: chafya 16, eosinofili 11

IgE ya kupambana na ovalbumini ilikuwa juu katika makundi yote matatu ya wagonjwa, bila tofauti ya maana. Hili lisimtie mtu wasiwasi. Steroidi ya siku 7 haitarajiwi kufuta kingamwili ambazo seli zilizokwisha komaa zinaendelea kuzizalisha. Kazi ya IgE katika mpango kama huu ni kuthibitisha kwamba panya kweli alipata mzio. Anayetaka kudai kwamba dawa yake inashusha IgE lazima aianze mapema, wakati wa sindano za tumboni, na hapo atakuwa anajibu swali la kinga, si la tiba. Kipimo chenyewe nacho kina mtego: ukipaka sahani ya kupimia kwa ovalbumini, IgG1, kingamwili ya aina nyingine iliyojaa kwenye damu, huwahi kushika nafasi na IgE husomeka chini. Afadhali sahani ipakwe kingamwili inayokamata IgE, halafu ovalbumini yenye alama ije juu yake.

Kwa hiyo vipimo viwili havikukubaliana. Chafya zinasema kazi ilifanywa na maji, eosinofili zinasema ilifanywa na dawa.

Pua ya mikrolita 30

Uwazi wote wa pua ya panya mdogo, pande zote mbili, ni mililita 0.03 hivi, yaani mikrolita 30. Sasa jumlisha alichotiwa panya wa kundi la kibebeo ndani ya dakika 10: mikrolita 20 za kibebeo, kisha 20 za ovalbumini. Jumla 40. Pua ilimwagiwa zaidi ya ujazo wake.

Mtazame panya mwenyewe mkononi. Ameshikwa ngozi ya shingo, tumbo juu, pua imeelekea dari. Tone la kwanza likigusa tundu hutetemeka kidogo, kisha pumzi hulivuta ndani kwa mkupuo mmoja. Utaona koo likicheza: anameza. Dakika 10 baadaye tone la pili halivutwi vile. Hukaa mdomoni mwa tundu, hutoa povu dogo, pengine hupulizwa nje likaishia kwenye manyoya ya mdomo. Panya hupumua kwa pua, hana njia nyingine ya kawaida, hivyo pua iliyojaa maji ataisafisha kwa nguvu zake zote. Ovalbumini iliyokusudiwa ikae kwenye utando wa pua inachanganyika na maji ya awali, inateremka kooni na kumezwa.

Chafya za dakika za kwanza hutegemea kabisa mguso huo. Seli za masti, seli za kinga zilizo kwenye utando wa pua, zilizovaa IgE zikikutana na ovalbumini hufungua vifuko vyake ndani ya dakika chache, na mishipa ya fahamu husisimka papo hapo. Mguso ukipungua, chafya hupungua siku hiyo hiyo. Eosinofili hazina haraka hiyo. Huitwa kwa saa na siku, na zile za siku ya 28 ni jumla ya wiki nzima. Mikrogramu 500 kwa siku ni dozi kubwa. Hata ikimezwa nusu, inayobaki inaelekea kutosha kuziita zote. Ndiyo maana kibebeo kilikata chafya kwa nusu huku eosinofili zikitoka 38 hadi 35 tu.

Hapa ieleweke kwamba kuwepo kwa kundi la kibebeo ndiko kulikookoa jaribio. Bila mstari ule wa tatu, dawa ingeandikiwa kupunguza chafya kwa asilimia 62. Ukiilinganisha na kibebeo, mlinganisho pekee wa haki, ni asilimia 24.

Mambo mengine mawili yanayoweza kushusha chafya

Maji si mshukiwa pekee. Panya wa kibebeo walikamatwa na kulazwa chali mara mbili kila siku, wasiotibiwa mara moja. Kukamatwa humtisha panya, na panya aliyetishika humwaga kotikosteroni, steroidi ya mwili wake mwenyewe. Huwezi kupima steroidi ya nje huku ukiongeza ya ndani kwa kundi moja na kuliacha jingine. Dawa yake ni rahisi: kila panya ashikwe mara sawa, kwa muda sawa, na mtu yule yule, na wiki moja kabla ya matone wazoeshwe mikono kila siku.

La pili ni saa. Hesabu ilianza asubuhi kwa wazima, ikafuata wasiotibiwa, kibebeo, na dawa ikamalizikia mchana. Kotikosteroni ya panya hupanda kadiri giza linavyokaribia, kwa kuwa ni mnyama wa usiku. Kundi lililohesabiwa mwisho lilikuwa na msaada wa homoni ambao kundi la kwanza halikuwa nao. Makundi yote yapaswa kuwakilishwa katika kila saa ya kuhesabu.

Kihifadhi cha kwenye matone kiliangaliwa pia. Benzalkoniamu kloraidi huwasha utando wa pua, na kama kingekuwa na kosa hapa kingeongeza chafya, si kuzipunguza. Tukiache.

Je, dawa ilifanya kazi puani kweli?

Eosinofili 35 kushuka hadi 11 ni karibu asilimia 69, na mlinganisho ni na kibebeo, kwa hiyo maji na hofu ya kukamatwa haviwezi kulaumiwa. Lakini swali la watu wanaotengeneza dawa ya pua halikuwa kama budesonaidi inashusha eosinofili. Hilo linajulikana. Walitaka kujua kama inafanya hivyo ikiwa puani, bila kupitia damu.

Piga hesabu ya dozi. Mikrolita 20 za miligramu 0.5 kwa mililita ni mikrogramu 10. Kwa panya wa gramu 20, hizo ni mikrogramu 500 kwa kila kilo. Mtu mzima wa kilo 70 anayepuliza mikrogramu 256 kwa siku hupata chini ya mikrogramu 4 kwa kilo. Panya amepewa zaidi ya mara 130. Hata ukitumia mlinganisho wa eneo la mwili, ambao hugawa dozi ya panya kwa 12.3, bado ni kama mara 11 ya dozi ya mtu. Na tumeona koo linavyocheza: sehemu kubwa ya tone humezwa. Dozi kama hiyo inaweza kuituliza pua kwa kuzunguka na damu, na matokeo yakaonekana yale yale.

Kuna kipimo cha bei nafuu kinachofichua hilo, nacho hakikufanywa: kupima uzito wa tezi ya thaimasi na wa wengu. Thaimasi ya panya mchanga husinyaa upesi steroidi ikifika kwenye damu kwa kiasi cha maana. Kuitoa ni kazi ya dakika mbili panya anapofunguliwa kifua, na mizani ya miligramu inatosha. Uzito wa mwili ulichukuliwa kila siku, ni vizuri, lakini katika siku 7 hautoi dalili kwa uwazi huo. Inasikitisha zaidi kwa sababu wanyama walikuwa wamekwisha kutolewa uhai. Taarifa ilikuwa mezani na ikatupwa.

Dawa ya rejea nayo haikuwepo. Deksamethasoni, steroidi kali, ya miligramu 1 kwa kilo, ikidungwa tumboni, ingeonyesha kwamba ugonjwa ulioumbwa ni wa aina inayoitika steroidi. Bila kundi hilo, dawa mpya ikishindwa hujui kama imeshindwa dawa au umeshindwa mfano wa ugonjwa.

Kuhesabu chafya na kuhesabu panya

Chafya ya panya ni mshtuko mfupi wa kichwa na pumzi inayotoka kwa nguvu. Mara nyingi huja tatu nne mfululizo, na lazima ikubaliwe mapema kama kila moja inahesabiwa au mkupuo mzima ni moja. Kujisugua pua kuhesabiwe kando. Miguu ya mbele ikipita puani na kuishia hapo, ni kuwashwa. Ikiendelea masikioni, kisha ubavuni, panya anajisafisha tu. Walio tayari kuhesabu kwa macho, moja kwa moja, hukosea zaidi ya wanavyodhani, hasa wakijua nani amepewa nini. Kila panya awe peke yake kwenye kisanduku angavu alichokwisha kukizoea, kamera irekodi, na mhesabuji apewe namba tupu. Na asilazwe kwa isoflureni kabla ya tone: mabaki ya usingizi huzima chafya, na panya aliyelala huvuta maji hadi mapafuni, hasa ujazo ukipanda kufikia mikrolita 50. Hapo umeumba pumu bila kukusudia.

Sasa idadi. Mkengeuko sanifu wa chafya, kipimo cha jinsi panya wa kundi moja wanavyotofautiana, ulikuwa 8. Kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo kweli) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuiona isiyokuwepo) kuna kanuni ya haraka: gawa mkengeuko kwa tofauti unayotaka kuiona, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 16. Tofauti ya dawa na kibebeo ilikuwa chafya 5, hivyo 8 kwa 5 ni 1.6, ikizidishwa yenyewe ni 2.56, mara 16 ni panya 41 kwa kila kundi. Kwa panya 8, tofauti ndogo kabisa inayoonekana vizuri ni chafya 11 na kitu. Jaribio halikuwa na uwezo wa kuona lilichokitafuta, na jibu sahihi si kuleta panya 41. Kipimo ndicho kilichoharibiwa na maji. Kirekebishwe kipimo kwanza, maana kila panya anayeongezwa juu ya kipimo kibovu anateseka bila kumjibu mtu yeyote.

Jaribio la pili

Steroidi hufanya kazi kwa kuingia kwenye seli na kubadili usomaji wa jeni, kazi ya saa kadhaa. Kuitia dakika 10 kabla ya kizio, yaani ovalbumini, hakuna faida kwa dawa na kuna hasara kwa kipimo. Dozi itolewe jioni, saa kadhaa baada ya ovalbumini, mikrolita 5 tu kila tundu, na nguvu ya dawa ishushwe ngazi kwa ngazi: mikrogramu 10, 3 na 1, kwanza kwa panya wachache wa kutafutia dozi. Siku ya kuhesabu chafya pua iwe kavu, dozi ya mwisho ikiwa ya jioni iliyotangulia. Kama ingekuwa dawa ya kuzuia histamini, kwa mfano setirizini, mpango ungegeuka: hiyo hufanya kazi ndani ya saa moja au mbili, na ingepewa kwa kinywa kabla ya kizio.

Kundi la wasiotibiwa liondolewe. Halijibu swali ambalo kibebeo hakilijibu. Yabaki matano: wazima na kibebeo, wagonjwa na kibebeo, wagonjwa na dawa puani, wagonjwa na dozi ile ile kwa mrija wa tumboni, na wagonjwa na deksamethasoni. Wanaopewa dawa kwa mrija au kwa sindano watiwe kibebeo puani, na wengine wote wapate mrija na sindano za maji, ili mikono iwe sawa kwa kila mnyama. Ukitaka kuona tofauti ya chafya 10, kanuni inatoa 11 kwa kundi. Wawe 12 kwa makundi matatu ya katikati, na 8 kwa wazima na deksamethasoni ambako tofauti ni kubwa. Jumla 52, wakikaa wanne wanne kwenye vizimba 13. Kizimba kimoja kiwe na tiba moja, maana panya hulambana na steroidi husafiri kwa ulimi, lakini vizimba vya kila kundi vitawanywe kwenye rafu. Kipimo kikuu kitajwe kwa maandishi kabla ya sindano ya kwanza. Anayepoteza asilimia 20 ya uzito aondolewe na kuuawa kwa upole, bila kusubiri siku ya 28.

Kusoma matokeo kutakuwa hivi. Eosinofili zikishuka kwa matone ya puani na zisishuke kwa mrija, na thaimasi ikabaki na uzito wake, dawa inafanya kazi puani. Zikishuka kwa njia zote mbili na thaimasi ikasinyaa, ni tiba ya mwili mzima iliyopitia puani. Zikishuka kwa deksamethasoni peke yake, dozi ni ndogo au tone halifiki.

Vichwa vitatu

Kuna jambo moja kwenye jaribio la kwanza lisilohitaji panya mwingine. Vichwa vilichunwa, taya la chini likaondolewa, vikakaa kwenye fomalini ya asilimia 10 kwa saa 48, kisha kwenye EDTA, kemikali inayolainisha mfupa polepole kwa kuondoa kalsiamu, ya asilimia 10, pH 7.4, kwa siku 14 ikibadilishwa kila baada ya siku 3. Asidi kali ingelainisha mfupa kwa siku mbili tatu, lakini huharibu upakaji rangi, na eosinofili bila wekundu wake safi ni chembe tu kati ya chembe. Hadi hapo kazi ilikuwa nzuri. Tatizo ni mahali pa kukata. Hesabu hufanywa kwenye ukuta wa kati wa pua, mara tu nyuma ya meno ya mbele ya juu, penye utando wenye vinyweleo. Vichwa vitatu kati ya 8 vya kundi la dawa vilikatwa mbele ya hapo, kwenye mlango wa pua wenye utando mgumu kama ngozi, mahali ambapo eosinofili ni chache hata kwa mgonjwa. Vilisomeka 2 kila kimoja. Vitano vilivyokatwa mahali pake vina wastani wa 16.4, si 11, na upungufu unashuka kutoka asilimia 69 hadi 53 hivi.

Vitatu hivyo bado viko kwenye nta. Vingekatwa nyuma mno, tishu ya mbele ingekuwa imekwisha kuondoka vipande vipande. Kwa kuwa vilikatwa mbele mno, ukuta unaotakiwa bado umo ndani, milimita moja au mbili chini ya kisu, na inatosha kuvirudisha mashineni vikatwe zaidi kabla ya tarakimu ya 11 kuandikwa popote.